Rudisheni Maji Bondeni

Kila mwaka mvua zinapokatika na mahindi yamekwisha kuingia ghalani, wakulima wengi wa Trans Nzoia na Bungoma hutazama chini, kule bondeni. Juu mgongoni majani yamekauka na ng'ombe wanalamba vumbi, lakini bondeni bado kuna ubichi. Udongo wa huko ni mweusi na laini. Mtu hujiambia, "Nikichimba mfereji mmoja tu, maji yakaondoka, nitapanda kabichi na sukuma wiki kiangazi chote." Basi hushika jembe akachimba.

Mwaka wa kwanza mavuno huwa mazuri, na jambo hilo hatulikani. Mwaka wa pili pia si mabaya. Baadaye mambo huanza kubadilika pole pole, hata mwenyewe asitambue. Mfereji uliotosha mwaka juzi hautoshi tena, lazima uchimbwe zaidi. Udongo uliokuwa laini huwa vumbi jepesi, na mvua ikinyesha maji huteleza juu yake kama juu ya manyoya ya bata. Mboga huwa za manjano. Na chemchemi ambayo akina mama walikuwa wakiteka maji hata mwezi wa Februari, sasa hukauka kabla ya Krismasi.

Makala haya yaeleza kwa nini huwa hivyo, na namna wakulima wa bonde moja wanavyoweza kurudisha maji mahali pake bila mtu kufa njaa.

UDONGO MWEUSI NI KITU GANI?

Majani yanapokufa mahali pakavu huoza upesi, yakawa mbolea, na mwishowe hupotea. Lakini matete na mafunjo yanapokufa ndani ya maji yaliyotulia, hewa haiyafikii. Vijidudu vya kuozesha haviwezi kufanya kazi sawasawa pasipo hewa. Kwa hiyo majani hayo hulala hapo, nusu yameoza na nusu hayakuoza, tabaka juu ya tabaka, mwaka hata mwaka. Tabaka hilo ndilo tutakaloliita hapa mboji ya kinamasi. Msomaji asiichanganye na mboji ya shimoni, ile ambayo Bwana Shamba hutufundisha kutengeneza kwa miezi michache kwa samadi na majani. Mboji ya kinamasi huongezeka kwa kiasi cha milimita moja hivi kwa mwaka. Ikiwa bonde lako lina kina cha mita moja ya udongo huo, basi ni kazi ya miaka elfu moja.

Juu katika milima ya Cherangani kuna kinamasi kiitwacho Kaisungor. Katika miaka ya 1960 wataalamu walitoboa udongo wake, wakatoa chavua za miti na majani zilizolala humo zaidi ya miaka 20,000 pasipo kuharibika. Kwa chavua hizo waliweza kujua mimea gani iliota katika milima ile zamani, na jinsi hali ya hewa ilivyobadilika. Hiyo ndiyo nguvu ya maji yaliyotulia: hutunza kila kitu.

Si kila bonde lina mboji ya namna hii. Mengine yana udongo wa mfinyanzi, na mengine yana tope lililoletwa na mto. Kujua ni rahisi. Chota konzi moja ya udongo ulio chini kidogo ya mizizi, uikamue. Maji yakitoka yenye rangi ya chai ya strungi, na mkononi ukabaki na nyuzinyuzi za mimea, umepata mboji. Kausha tonge moja juani. Likiwa jepesi kama kibuyu, na likashika moto, hapana shaka tena. Kisha chukua fito ndefu iliyonyooka, uisukume chini kwa mkono. Itashuka kwa urahisi mpaka igonge udongo mgumu, na hapo utajua kina.

Wazee wa Kiswahili waliita mahali pa namna hii tingatinga. Siku hizi ukitaja tingatinga mjini Kitale kila mtu hudhani unasema trekta. Labda ni haki, kwa kuwa trekta imekimeza kinamasi katika lugha kama ilivyokimeza shambani.

MAJI YAKIONDOKA

Mfereji ukichimbwa, maji hushuka na hewa huingia. Vijidudu vilivyokosa kazi kwa miaka mingi sasa hupata karamu. Huila mboji, na mboji hugeuka hewa ya kaboni ikapanda angani. Mkulima akiona udongo umepungua hudhani umechukuliwa na mvua. Sehemu nyingine kweli huchukuliwa na mvua, lakini sehemu kubwa huondoka juu kama moshi usioonekana. Pia udongo hujikunyata kama sifongo iliyokamuliwa. Katika nchi za joto ardhi ya namna hii iliyokaushwa yaweza kushuka sentimita kadhaa kila mwaka, ndiyo sababu mfereji hautoshi hata siku moja: uso wa shamba unaufuata chini.

Huko Uingereza, mahali paitwapo Holme Fen, mnamo mwaka 1851 watu walisimika nguzo ya chuma ndani ya udongo wa namna hii hata kichwa chake kikalingana na uso wa ardhi. Walitaka kuona nini kitatokea ziwa la karibu likikaushwa kwa ajili ya kilimo. Leo nguzo hiyo imesimama wazi karibu mita 4, na mtu mrefu hawezi kukifikia kichwa chake. Nguzo haikupanda, nchi ndiyo iliyoshuka.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mkulima wa hapa huyaona bila kujua chanzo chake. La kwanza ni ule umanjano wa mimea. Mboji ni nyeusi, lakini mara nyingi ina upungufu wa potasiamu na shaba, na katika vinamasi vingine kuna kiberiti ambacho kikipata hewa hugeuka asidi. Ndipo mtu hununua mfuko wa mbolea, akaumwaga, na asione tofauti. La pili ni moto. Mwenye kuchoma majani bondeni wakati wa kiangazi huweza kuwasha udongo wenyewe. Moto huo hauna mwali, huenda chini kwa chini siku nyingi, na hutokea mahali ambapo hakuna aliyewasha.

Tena kuna habari ya maji yenyewe. Bonde lenye matete hupokea mvua ya Aprili na Mei, likaishika, likaitoa kidogo kidogo. Bonde lililochimbwa mifereji huiachilia yote mara moja. Maji yetu mengi ya huku, yanayotoka Cherangani na yanayotoka Mlima Elgon kwa Kuywa na Kibisi, huishia katika mto Nzoia. Wenzetu wa Budalangi, kule mto unakoingia ziwani, wanajua vizuri mafuriko ni nini.

Jambo hili ni kubwa duniani pia. Ardhi yenye mboji ya kinamasi ni kama sehemu 3 tu katika kila 100 za nchi kavu, lakini imefungia kaboni nyingi kuliko misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba katikati ya bonde la mto Kongo kuna eneo la mboji lipatalo kilomita za mraba 145,500, lenye kaboni tani bilioni 30 hivi. Vibonde vyetu vya Trans Nzoia si kitu mbele ya hayo. Hata hivyo joto la dunia haliulizi kaboni ilitoka kwenye eka ngapi, na chemchemi iliyokauka ni ya kwetu sisi.

MTOTO ALIYEPEWA BONDE

Afadhali tuseme wazi kwa nini mifereji inachimbwa. Mpango wa Eka Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalikatwa na kupewa wananchi. Kwa jumla familia karibu 35,000 zilipata ardhi katika skimu hizo, na miongoni mwa skimu za huku kwetu zilikuwa Ndalu, Naitiri na Tongaren. Mara nyingi kiwanja kilishuka kutoka juu penye barabara hata chini penye maji, ili kila mtu apate mahali pa kunywesha ng'ombe. Mwenye eka 15 au 20 hakuwa na haja ya kulima kinamasi. Alikitumia kwa malisho ya kiangazi na nyasi za kuezekea, akakiacha.

Sasa tazama wajukuu. Tuseme mzee ana eka 15 na wana watano. Mkubwa hupewa karibu na barabara, wa pili humfuata, na hivyo hivyo mpaka chini. Kitinda mimba hupata eka tatu za mwisho, na katika hizo eka moja ni kinamasi. Ana mke, ana watoto, karo ya shule ni ile ile anayolipa kaka yake wa juu. Huyo ndiye anayechimba mfereji. Kumwambia "acha" bila neno lingine ni kumwonea.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo shauri lenyewe lilipo, kuliko katika jembe na mfereji. Maji yanayotoka katika ile eka moja hunywewa na ng'ombe wa ndugu wote watano. Kwa hiyo siku ya kugawa shamba, kinamasi kisihesabiwe kuwa fungu la mtu mmoja. Kitengwe kiwe cha boma zima, na yule wa mwisho aongezwe ardhi kavu upande wa juu, hata kama mpaka wa kila ndugu utapanda hatua chache. Ikiwa shamba limekwisha kugawanywa na hati zimetolewa, ndugu wanaweza kukubaliana kwa njia nyingine: majani ya bondeni yavunwe na wote, na mwenye bonde apate fungu kubwa zaidi. Mambo haya hayaamuliwi na afisa. Huamuliwa na familia yenyewe, na yafaa yaandikwe mbele ya mashahidi.

Ukitaka kujua thamani ya chemchemi, mhesabie ng'ombe. Ng'ombe wa gredi anayekamwa hunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Akinyimwa maji, maziwa hupungua siku ile ile. Ndugu watano wenye ng'ombe wawili wawili wahitaji lita 600 kila siku ya kiangazi, na kama chemchemi imekufa, lita hizo hubebwa kwa punda au hununuliwa. Weka hesabu hiyo kando ya kabichi za eka moja, uone ipi ni nzito.

SAIWA NA KIPSAINA

Wakulima wa Kitale hawana haja ya kwenda mbali kuona bonde lililobaki na maji. Mbuga ya Taifa ya Saiwa iko kilomita 22 hivi kutoka mjini. Ilitangazwa mwaka 1974, nayo ni ndogo kuliko mbuga zote za taifa za Kenya, kilomita za mraba kama 3 tu. Iliwekwa kwa ajili ya nzohe, mnyama wa jamii ya paa ambaye kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame topeni. Akiogopa huingia majini akabakiza pua. Wageni hawaingii kwa gari, hutembea kwa miguu.

Mbuga ina mpaka, lakini maji hayana. Mto Saiwa hupita kati ya mashamba kabla ya kufika kwenye mbuga, na kila tope na kila mbolea inayooshwa huko juu huishia kwa nzohe. Hili lilionwa na wakulima wa Kipsaina wenyewe. Katika miaka ya 1990 walikuwa na chama chao cha kulinda korongo na ardhi oevu, wakiongozwa na Bwana Maurice Wanjala. Walioteshea miche ya miti ya kienyeji, wakachimba mabwawa ya samaki, wakatundika mizinga, na wakaenda kwa jirani baada ya jirani kuwaomba waache kulima ukingo wa kinamasi. Hekima yao ilikuwa kumwendea mtu na kitu mkononi, mche au kifaranga cha samaki, kabla ya kumwomba aache kitu.

Korongo tunaowasema ni wale wenye taji la dhahabu kichwani, ambao Uganda imewaweka katika bendera yake. Hutaga kati ya matete yaliyosimama majini, na matete yakikosekana hawatagi. Tangu mwaka 2012 wamehesabiwa duniani kuwa ndege walio hatarini kutoweka. Najua msomaji mmoja atasema, "Korongo hao hao hufukua mahindi yangu." Ni kweli, hufukua mbegu na miche michanga. Watoto wakilinda shamba mpaka mahindi yashike mizizi, hasara hiyo hupungua sana, na baada ya hapo korongo hula panzi na viwavi.

WALICHOJIFUNZA JIRANI

Huko Rwanda ya kaskazini kuna kinamasi kikubwa chenye mboji kiitwacho Rugezi. Maji yake huenda katika maziwa ya Burera na Ruhondo, na kati ya maziwa hayo kuna mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walilima kinamasi, wakachimba mifereji, na milima ya kandokando ikalimwa bila matuta. Kufikia mwaka 2004 maji ya ziwa yalikuwa yameshuka hata mitambo ya Ntaruka ikabaki na sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na nchi ikaingia gizani. Serikali ikakataza kilimo na malisho ndani ya Rugezi, ikapanda ukanda wa majani na miti kuuzunguka, na milimani watu wakaweka matuta. Baada ya miaka michache maji yalirudi na umeme nao ukarudi. Lakini waliokuwa wakiishi kwa kulima na kukata majani mle ndani waliumia, na hilo lisifichwe. Ndiyo sababu tumeanza na shauri la familia kabla ya shauri la mfereji.

Wengine huuliza, je, maji yakirudi si yataleta mbu? Swali ni la haki. Katika wilaya ya Kabale, Uganda, vinamasi vingi vya mafunjo vilikaushwa vikawa mashamba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 uliona kwamba vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi, na mbu wa malaria walikuwa wengi zaidi katika nyumba kuliko katika vijiji vilivyo kando ya mafunjo yaliyoachwa. Mbu wa malaria hupenda madimbwi yaliyo wazi juani, kama yale ya mashimo ya matofali na mifereji iliyoziba nusu. Kivuli cha mafunjo hawakipendi. Kwa hiyo mwenye mashimo ya matofali bondeni ayafukie kwanza.

KAZI YENYEWE

Miezi ya kazi hii ni Januari na Februari, maji yakiwa chini. Lakini mkutano uwe mapema, nao uwe wa wote ambao mfereji unapita kwao, maana ukiziba kwako waweza kumfurikia jirani. Tembeeni pamoja kutoka juu hata chini, kila mtu aonyeshe mifereji yake. Nasema mifereji iliyochimbwa kwa jembe. Mto wenyewe na kijito cha asili havizibwi. Hivyo ni vya sheria ya maji na vina ruhusa yake.

Anzeni upande wa juu. Mkianza chini, mvua ya kwanza itashuka na nguvu zote na kuvunja kazi yenu. Kila kizuizi kijengwe hivi. Pigilia safu mbili za nguzo kukata mfereji, umbali wa mita moja kati ya safu na safu, zishuke mpaka udongo mgumu. Chimba kando za mfereji nusu mita kila upande, ili kizuizi kiingie ndani ya ukingo. Kisipoingia, maji yatapita pembeni na kukizunguka. Jaza katikati udongo wa mfinyanzi uliolowa, ukiushindilia kila tabaka kwa miguu. Usijaze mboji iliyokauka, kwa kuwa huelea. Udongo ukiwa haba, tia mfinyanzi katika magunia, uyapange kama matofali. Kichwa cha kizuizi kipite uso wa shamba kwa sentimita 30 hivi, kwa sababu kitashuka. Maana yake ni kwamba maji yakijaa yaenee pande zote juu ya majani, yasimwagike juu ya kizuizi chenyewe. Mwisho funika kwa mabamba ya nyasi zenye mizizi.

Kati ya kizuizi na kizuizi, tofauti ya kimo cha maji isizidi sentimita 20 au 30. Bonde lenye mteremko mdogo litahitaji vichache, na lenye mteremko mkali vingi. Kupima, tumieni mpira wa maji wa mafundi wa nyumba. Kila kijiji kina fundi mwenye mpira huo, na kazi ni ya asubuhi moja.

Nguzo zipatikane wapi? Kama bondeni kuna mikaratusi, kateni hiyo. Mti huo hunywa maji mengi, na mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza uondolewe kwenye vyanzo vya maji na kando za mito. Menyeni maganda, mtumie magogo kwa kizuizi. Lakini visiki vitachipua. Anayekata asidhani amemaliza. Machipukizi yakatwe tena na tena mpaka kisiki kichoke. Mwenye kuhitaji mikaratusi kwa mbao na kuni aipande juu, mbali na maji.

Maji yakisharudi, yapimwe. Chimba kishimo, simika kijiti chenye alama. Maji yawe kati ya uso wa ardhi na shubiri moja chini yake, hata Februari. Yakishuka zaidi ya hapo mboji itaendelea kuoza, na yakisimama juu sana kwa muda mrefu yatazamisha mimea, basi kizuizi kipunguzwe kidogo. Bonde lililokaushwa miaka michache tu huota matete yenyewe. Lililolimwa miaka mingi lahitaji kusaidiwa: ng'oa mafundo ya mafunjo na matete mahali yalipo mengi, uyapande mvua zinapoanza, hatua moja moja. Ng'ombe wasiingie misimu miwili.

Ardhi iliyokwisha kushuka haitapanda tena katika maisha yetu. Faida ni kwamba haishuki zaidi. Na wenye kufuatilia habari za joto la dunia wajue kwamba kinamasi kilichorudishiwa maji hutoa methani, hasa mwanzoni, lakini hesabu yote ikipigwa kwa miaka mingi, bonde lenye maji lina nafuu kubwa kuliko lililokauka.

MAVUNO YA BONDE LENYE MAJI

Mwaka wa kwanza matete hayawezi kushindana na kabichi katika soko la Kitale. Anayesema yanaweza hajauza matete. Lakini bonde lenye maji lina mavuno yake, na hayahitaji mbolea wala dawa ya dukani.

Mafunjo na matete hukatwa wakati wa kiangazi, ndege wakiwa wamekwisha kulea. Gaweni bonde mafungu matatu, mkate fungu moja kila mwaka, hayo mengine yapumzike. Hutoa mikeka, vikapu, dari na wigo, na mabaki hutandazwa chini ya migomba, na huko Bungoma chini ya mibuni pia. Nyasi za bondeni ni lishe njema kwa ng'ombe wa zizini, ila zina hatari moja: minyoo ya ini. Usizilishe mbichi. Zikate, uzianike mpaka ziwe kavu kabisa, ndipo uzihifadhi kwa Februari. Hiyo peke yake hulipa taabu ya kizuizi kwa mwenye ng'ombe wawili.

Ukingoni, pale udongo unapolowa bila kufurika, panda nduma. Nduma haitaki mfereji. Hupenda miguu yake iwe majini, na bei yake mjini haijawahi kuwa mbaya. Juu ya nduma iwe safu ya mabingobingo, ambayo hushika udongo unaoshuka kutoka kwenye mahindi, na juu yake migomba. Bwawa la samaki lichimbwe kando, kwenye mfinyanzi, lisichimbwe ndani ya mboji ambapo maji ni ya asidi na kingo hubomoka. Mikuyu na mizambarau ya mwitu ipandwe ukingoni kwa kivuli na kwa mizinga.

Kwa habari ya sheria, mambo ni machache. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, yakataza kukausha ardhi oevu pasipo kibali cha maandishi cha mamlaka ya mazingira, NEMA. Kanuni za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto ndani ya mita 6 mpaka 30, kupimwa kutoka mahali mafuriko yalipofika. Kabla ya kusimika nguzo, kikundi kimwone afisa wa kilimo wa wadi, na pia chama cha watumiaji wa rasilimali za maji cha mto wenu, maana wao hujua kibali gani kinahitajika na mara nyingine wana miche ya kugawa. Kikundi kikienda na ramani ya mifereji iliyochorwa hata kwa mkono, husikilizwa upesi kuliko mtu mmoja mwenye malalamiko.

Vizuizi vya juu viwe vimekwisha kushindiliwa na kufunikwa nyasi kabla ya Februari kwisha. Mvua ya Machi ikikuta safu moja tu ya nguzo bila udongo katikati, itazing'oa zote na kuzipeleka Nzoia.